Masizi si mkaa uliotwangwa
Hapa Dodoma wengi huamini masizi na unga wa mkaa ni kitu kimoja. Hapana. Mkaa ni mti uliochomwa kwa hewa haba. Hata ukiutwanga kwenye kinu, hubaki chengachenga. Masizi huzaliwa ndani ya moshi: shikilia kisahani cha bati juu ya mwali wa koroboi, uone weusi laini kuliko poda. Ndiyo yaliyotengenezewa wino wa kale wa China na Misri. Ila usiyakoroge na maji matupu, yataelea tu. Yaponde kwanza na gundi ya mgunga. Na tairi la bodaboda? Mpira wa asili ni mweupe-mweupe. Masizi ya kiwandani ndiyo huutia weusi, na ugumu juu yake.