"Mpeleke kwa fulani, atamtoa": dhana potofu kuhusu walezi wa wachezaji ngoma

"Mpeleke kwa fulani, atamtoa." Kuanzia Ilemela hadi Kisesa, huko Mwanza, wazazi wanaambiana hivyo, wakimaanisha atamfanya maarufu, na vijana wenye vipaji wanapotelea humo. Mlezi, yaani anayemfundisha mchezaji, hamtoi mtu. Kazi yake ni kuliona kosa ambalo mchezaji mwenyewe halioni, alirekebishe kabla mwili haujalizoea.

Chukua bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Kijana anarusha jembe, linazunguka hewani, linamponyoka. Atalaumu mkono, kumbe mara nyingi kosa liko magotini: amesimama wima, analifuata jembe kwa mabega, anachelewa. Mlezi anayejua kazi hunyamazisha ngoma kwanza na kumpa mpini mtupu. Magoti yakunjwe, macho yaufuate mpini, arushe mara 10 polepole, mzunguko mmoja tu. Ukidondoka mara ya 7, anaanza upya. Akidaka zote ndipo apewe jembe, na ngoma irudi taratibu. Hayo ni mazoezi ya wiki nzima, na hayana picha ya kurusha mtandaoni.

Tena kumbukeni mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, umati unahamia kwa aliyeuvutia. Hapo jina la mlezi halimvuti mtu hata mmoja. Anayezungumzia matamasha siku ya kwanza, kabla ya kumtazama mwanao anavyotua akiruka, muage.

"Klipu za simu zinatosha." Klipu inakuonyesha hatua, lakini yenyewe haikuoni. Nyingine zimegeuzwa kama kioo, kulia imekuwa kushoto. Ukiingia kwenye mstari unagongana na wenzako.

"Maumivu ndiyo kukua." Misuli kukaza siku mbili, sawa. Ugoko ukiuma palepale kila ukibonyezwa, huenda mfupa umeelemewa, hasa kwa anayeruka peku juu ya saruji. Aache kuruka, aende hospitali. Kuchua si tiba yake, jamani.

"Kuwa na mlezi wa pili ni usaliti." Hapana. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo za ngoma, akufundishe wimbo na kiitikio, mwingine akunyooshe mwili.

"Mzazi akae pembeni." Hili ni la hatari. Mazoezi yawe mahali pa wazi, uingie saa yoyote bila kutoa taarifa. Anayetaka kubaki na mtoto peke yake wenzake wakishaondoka, mtoe mtoto siku hiyohiyo. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, iandikwe: miaka mingapi, asilimia ngapi, na malipo ya onyesho yanapokelewa na nani.