Je, Mashia ni Waprotestanti wa Uislamu?

Katika mwezi wa Mfungo Sita, Lamu inapojaa wageni wa maulidi, huwa sikosi kuulizwa swali hili barazani: "Maalim, hawa Mashia si ndio Waprotestanti wa Uislamu?" Mwaka huu aliyeniuliza ni kijana wa chuo aliyekuja kutoka Malindi, na nimeona jibu nililompa niliandike kwa utaratibu, kwa kuwa kufundisha historia ya dini ndiyo kazi yangu.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko ni lugha yetu wenyewe. Neno dhehebu tunalitumia kwa Shafi na Hanafi, wote Masunni, ambao hutofautiana katika mambo ya fiqhi na kuswali nyuma ya imamu mmoja bila tatizo. Tunalitumia tena kwa Sunni na Shia, na papo hapo kwa Wakatoliki na Walutheri. Msikilizaji hudhani kwamba vyote hivyo vimegawanyika kwa namna moja.

Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, alijitokeza mwaka 1517 mbele ya Kanisa lililokuwa na papa, maaskofu, mali na sheria zake, lenye umri wa karne nyingi, akapinga mafundisho na mwenendo wake. Mwaka 632, alipofariki Mtume, hapakuwa na taasisi ya namna hiyo ya kupingwa. Waliokutana katika Saqifa ya Banu Saida, baraza la ukoo mmoja wa Madina, walizozana juu ya nani aongoze umma, na Abu Bakr, sahaba wa Mtume, alipewa baiya, yaani kiapo cha utii, kabla maziko hayajafanyika, huku Ali, binamu na mkwe wa Mtume, akishughulika na kumuosha marehemu. Itikadi ya Mashia ya uimamu, kwamba uongozi ni haki ya Ali na kizazi chake, kama tuijuavyo leo ilikamilika baadaye sana. Tena, ukitazama vyeo vya maulamaa wa Kishia nchini Iran, utawaona wanakaribia zaidi ngazi za Kikatoliki kuliko za Kiprotestanti, ingawa nazo ni jambo la karne za karibuni.

Mfano wa mwaka 1054, makanisa ya Roma na Konstantinopoli yalipofarakana, una manufaa zaidi. Kardinali Humbert aliweka hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerulario juu ya altare ya Hagia Sophia, ilhali Papa Leo wa Tisa aliyemtuma alikuwa ameshafariki miezi kadhaa kabla. Walikuwa wakibishana kuhusu mkate wa ibada, utiwe hamira au usitiwe, na kuhusu maneno "na Mwana" yaliyoongezwa katika kanuni ya imani. Watu wa kawaida hawakujua kwamba wamefarakana. Kilichokata mshipa ni mwaka 1204, wanajeshi wa msalaba walipoupora mji wa Konstantinopoli. Kwa Mashia, Karbala ya tarehe 10 Mfungo Nne mwaka 61 Hijria, alipouawa Hussein mwana wa Ali na mjukuu wa Mtume, ina nafasi kama hiyo, na kubwa zaidi: damu ya Hussein ndiyo iliyogeuza hoja ya siasa kuwa kilio cha kila mwaka. Dola nazo zilikuja kupiga muhuri. Shah Ismail alipoifanya Ithnaashari, yaani Ushia wa maimamu kumi na wawili, kuwa madhehebu rasmi ya Iran mwaka 1501, alifanya jambo ambalo watawala wa Ujerumani walikuja kupatana juu yake huko Augsburg mwaka 1555, yaani dini ya mtawala iwe ndiyo dini ya nchi.

Hata hivyo Ukristo hauwezi kutupa mfano wa nasaba, kwani Wakristo hawakupata kuzozana juu ya wajukuu wa Yesu. Mfano huo nauona kwa Makalasinga. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, alipokaribia kufariki mwaka 1539 alimwacha kando mwanawe Sri Chand akamteua mwanafunzi wake Angad. Sri Chand naye akawa na wafuasi wake, Waudasi. Swali ni lile lile: mrithi ni wa damu au ni aliyechaguliwa? Lakini hapakuwa na dola ya kugombaniwa, na mgawanyiko huo haukuzaa Karbala.

Kijana hakutosheka. Nikamwomba sharifu mmoja mzee, mtu wa kizazi cha Mtume, tuliyekaa naye atuoneshe shajara yake, yaani orodha ya nasaba yake, karatasi ndefu iliyokunjwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Mzee ni Shafi, hakosi dua ya qunuti alfajiri kama Mashafi wenzake, na ukoo wake ni wa Hadhramaut, Yemen, kupitia Ahmad al-Muhajir aliyehama Basra karne ya 10. Alipandisha kidole taratibu mpaka kwa Ali al-Uraydhi, kisha Jaafar Sadiq, Muhammad Baqir, Zainul Abidin, Hussein, Ali.

"Lakini hawa ni maimamu wa Mashia, babu," kijana akasema.

"Hawa ni babu zangu, mwanangu," mzee akajibu, wala hakuonekana kuona ajabu yoyote.

Penye jina la Jaafar, aliyefariki mwaka 765, nilimzuia kidole. Mwanawe Musa ndiye wanayemfuata Ithnaashari. Mwanawe Ismail ndiye wa Maismaili na Mabohora, ambao nao ni Mashia. Na Ali al-Uraydhi, aliyetajwa katika karatasi ile, ni ndugu yao. Mabohora, Ithnaashari na masharifu, wote wamewahi kuwa majirani katika mitaa ya Lamu. Shajara ya mzee ilikuwa na mstari mmoja tu, kwa hiyo Musa na Ismail nilimchorea kijana pembeni ya daftari lake kwa penseli.