Marekani, msamaha wa rais hausubiri hukumu
Kila rais wa Marekani anapomsamehe mtu wake wa karibu, husikika swali lile lile: anasamehewaje mtu ambaye hata mahakamani hajafikishwa? Kwetu swali hilo lina msingi. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inamtaja mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama, na ya Kenya, ibara ya 133, nayo inataka awe ametiwa hatiani.

Kule sivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1867 kwamba rais anaweza kusamehe wakati wowote baada ya kosa kutendeka. Kosa la kesho, hapana. Na kosa la sheria za jimbo halimhusu.

Mfano mkubwa ni wa 8 Septemba 1974. Rais Gerald Ford alimsamehe rais aliyemtangulia, Richard Nixon, ambaye hakuwa ameshtakiwa kwa lolote, makosa yote aliyotenda "au huenda alitenda" kuanzia 20 Januari 1969 hadi 9 Agosti 1974. Yaani tangu siku aliyoapishwa hadi siku aliyojiuzulu! Na Ford mwenyewe aliteuliwa kuwa makamu na huyo huyo Nixon, kwa hiyo watu kunong'ona si ajabu. Msemaji wa Ford, Jerald terHorst, aliacha kazi kwa kuupinga msamaha huo.

Msamaha ule ulikuwa halali. Kama ulikuwa wa haki ni ugomvi mwingine, na Ford aliujua: kwa miaka alitembea na kikaratasi kwenye pochi, chenye maneno ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1915 kwamba kuupokea msamaha ni kama kukiri kosa.