Je, wajua kwa nini Clark Kent wa Smallville alikaa sizoni 10 bila kupaa?

Kaa na watu waliofukuzana na Smallville, ile tamthilia ya TV ya ujana wa Superman, enzi za CD, ubishi huu hauchelewi: stelingi, Clark, ni Superman mwenyewe, sasa mbona sizoni ya kwanza mpaka ya kumi anakimbia tu kwa miguu na jaketi lake jekundu, hapai, ile nguo havai? Wengi wanakujibu fasta kwamba ni hela, eti TV haikuwa na bajeti ya kumrusha.

Sio kweli. Hela ya TV haifikii ya sinema, sawa, lakini hao hao kwenye episodi ya kwanza, Oktoba 2001, walishusha mvua ya vimondo juu ya mji, na kumrusha Superman hakukuwa kitu kigeni, sinema ya 1978 ilishafanya. Halafu alipaa bwana! Sizoni ya kwanza anaelea juu ya kitanda usingizini, na mwanzoni mwa sizoni ya nne anapaa kabisa, ila hapo akili sio zake, upande wa Krypton, sayari alikozaliwa, umemtawala na anajiita Kal-El, jina lake la huko. Kwa hiyo walikuwa wanaweza. Ni kwamba waanzilishi, Alfred Gough na Miles Millar, waliweka sharti toka siku ya kwanza: hakuna nguo ya kubana, hakuna kupaa.

Sasa kwa nini ujifunge hivyo? Chukulia basi lenye spidi gavana. Injini ina nguvu, dereva anakanyaga mpaka chini, gari haliongezi kitu, safari ya saa sita inakuwa ya tisa, na humo ndani ndio watu wanajuana, wanagombana, mwingine anashuka na mchumba. Stelingi anayepaa anamaliza kesi dakika mbili, na episodi ina kama dakika 42. Mnyime kupaa, itabidi aongee na watu, achelewe, adanganye, na hapo ndipo anabadilika.

Hata nguvu zake zilikuja kwa awamu, kama ubalehe. Sizoni ya pili yuko darasani, inaonyeshwa filamu ya elimu ya uzazi, anamkodolea mwalimu mgeni mrembo, mara macho yanatoa moto na pazia la filamu linawaka. Sizoni ya tatu anapofuka kwa muda, ndio masikio yanafunguka.

Ila aliyefaidi hilo gavana zaidi ni Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman wa baadaye. Gari lake linamgonga Clark darajani, wote wanatumbukia mtoni, Clark anamwokoa halafu anakana kwamba aligongwa, na Lex gari analiona lilivyobonyea. Urafiki mzima unaoza polepole kutokea hapo. Clark mwenyewe kuna sizoni anarudia kosa lile lile kwa mpenzi wake Lana mpaka unachoka, kwa hiyo kusema sharti peke yake ndilo lililowakuza wahusika itakuwa kulipa sifa za bure, mchango wa Michael Rosenbaum, aliyeigiza Lex, ulikuwa mkubwa, na alipoondoka baada ya sizoni ya saba pengo lilionekana.

Alirudi kwenye episodi ya mwisho, Mei 2011, ile ambayo Clark anapaa kwa akili zake. Lakini Superman tunayemjua, Lex hatakiwi kumjua ni nani, kwa hiyo waandishi wakampa dada yake Tess sumu ya kufuta kumbukumbu, akamgusa nayo shavuni, na kila alichochimba kuhusu Clark kikaishia hapo.