Starehe huambiwa aliyekaa

Kijana mmoja aliingia dukani kwangu wiki iliyopita, hapa Mtwara mjini, akiwa na flashi mkononi na haraka miguuni. Nina kompyuta mbili, printa na mashine ya kutolea kopi. Minada ya korosho ikianza, kila mwenye spika na jokofu anataka tangazo, na mimi sikatai. "Mjomba, nipigie A3 ishirini," akasema. Nikafungua faili. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu: NJOO UTOE STRESI! STAREHE BILA KIKOMO!

Nikamwambia starehe bila kikomo ninayoijua mimi iko sehemu moja tu, na wanaoingia huko hubebwa. Hakucheka. Nikampigia ishirini zake, akalipa, akaenda kuzibandika stendi. Lakini hilo lilikuwa tangazo la tatu la namna hiyo kwa mwezi mmoja, na kabla ya hapo nilishasikia redioni mtu akieleza kwamba stresi "ni upungufu wa starehe mwilini", kama vile starehe ni damu au vitamini. Nikaona bora niandike, moyo utulie.

Maana zenyewe hazina mambo mengi. Starehe ni hali ya kutulia bila kusumbuliwa: mwili umekaa, moyo haukimbizwi. Stresi, ambayo vitabuni huitwa msongo wa mawazo, ni hali ya mwili na akili kubanwa na jambo linalodai zaidi ya ulichonacho kwa wakati huo, iwe fedha, muda, nguvu au uhakika. Kamusi itakumalizia mengine. Kinachonikera ni kwamba tumelichukua neno la mtu aliyekaa tukampa mtu anayetoka mbio kwenda kutumia hela.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Mikindani. Akiingia mahali akakuta watu barazani wanaanza kujikusanya ili wampishe, alikuwa anainua kiganja na kusema, "Starehe, wanangu, starehe." Yaani kaeni mlivyo, msiinuke kwa ajili yangu. Watoto tulidhani ni salamu. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa analitumia neno kwa maana yake kamili kuliko tunavyolitumia sisi wote wenye simu janja. Starehe imetoka kwenye neno la Kiarabu istiraha, kupumzika, na ndani yake limekaa neno jingine tunalolijua vizuri, raha. Hata raha yenyewe kwa asili ni mapumziko, ule wepesi unaokuja mzigo unapoondoka. Roho nayo ni ya ukoo huohuo.

Ndugu wa nne ni tarawehe. Kila Ramadhani misikiti ya Mikindani na ya kule Lindi hujaa watu wa tarawehe, na sidhani wengi wanajua kwamba jina hilo nalo limetokana na mapumziko. Wanaoswali walikuwa wakikaa kuvuta pumzi kila baada ya rakaa nne, na ibada nzima ikabeba jina la kile kituo. Watu wamesimama usiku, miguu inauma, na walichokipa ibada hiyo jina ni pale walipokaa.

Sasa chukua familia hiyo, raha, roho, tarawehe, starehe, uiweke kwenye bango lenye picha ya chupa na wacheza shoo. Unaona kuna mtu kaingia kwenye picha ambaye si wa nyumba hii.

Upande wa pili wa bango kuna hiyo stresi ya "kutolewa". Msongo unatokana na kusonga, na kusonga kunakojulikana zaidi nyumbani ni kusonga ugali: mwiko unaubana unga kwenye ukuta wa sufuria mpaka ushikane. Nywele pia husongwa, na magari yakibanana tunasema kuna msongamano. Ni neno la kubana. Dhiki nayo, kabla haijawa umaskini, kwa Kiarabu ni wembamba wa nafasi. Mtu mwenye pumu Waarabu husema ana dhiki ya pumzi. Na stresi tuliyoikopa kwa Waingereza, ukiifuatilia nyuma hadi Kilatini, unakuta palepale: kitu kilichovutwa kikakazwa. Lugha tatu zisizo na undugu zimemtazama mtu mwenye shida zikaona jambo moja, amekosa pa kupenya.

Ndiyo maana maneno ya upande wa nafuu yana upana ndani yake. Faraja, ile inayokuja baada ya dhiki, asili yake ni upenyo, mwanya uliofunguka. (Watu huichanganya na furaha kwa sababu ya sauti, lakini furaha ni ya mzizi mwingine, ni kufurahi tu, unaweza kuwa na furaha bila kuwa umepata shida yoyote, ila faraja haiji bila dhiki kutangulia.) Marahaba unayomjibu mtoto aliyekuamkia "shikamoo" asili yake ni upana, kama kumwambia hapa kuna nafasi yako. Na nafasi yenyewe, neno tunalolitaja kila siku tukisema "sina nafasi", kwa Kiarabu ilianzia kwenye pumzi. Hapo Kibantu kinaitikia bila kuambiwa, maana kwetu kupumzika kumezaliwa na pumzi vilevile. Mababu hawakukaa kikao na Waarabu kukubaliana. Kila upande ulijionea mwenyewe kwamba mtu aliyebanwa hupumua juujuu, na akiachiwa anashusha pumzi.

Wataalamu wamefika hapo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montréal, Kanada, alichapisha taarifa fupi kuhusu panya wake wa maabara: uwatie baridi, uwachoshe, uwape sumu, miili yao inaitikia kwa namna inayofanana. Baadaye hali hiyo akaipa jina la stresi, neno ambalo mafundi wa madaraja na vyuma walishalizoea kwa nguvu inayokibana kitu kutoka ndani. Tangu hapo likasafiri mpaka kwenye bango la stendi ya Mtwara.

Kwa mwanadamu mambo huenda hivi. Ukistuka, tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde, na kotisoli hufuata baada ya dakika kadhaa. Moyo unaongeza mwendo, sukari inapanda kwenye damu, tumbo linasimamisha shughuli zake. Ni mpango mzuri sana ukikanyaga karibu na nyoka wakati unaokota korosho. Unakimbia, unafika mbali, mwili unarudi ulipokuwa. Ila mwili hauna mpango wa pili kwa ajili ya mkulima wa Tandahimba anayesubiri hela. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuweka korosho ghalani mpaka ziuzwe mnadani, ulianza huku Mtwara mwaka 2007, na msimu wa mkulima sasa una vituo: upeleke mzigo, usubiri mnada, mnada upite, usubiri akaunti isome. Wakati huo aliyekukopesha salfa ya kupulizia mikorosho anapita mbele ya nyumba kila asubuhi akikusalimia kwa upole unaoogopesha. Huyo si nyoka wa kukimbiwa. Kotisoli inabaki juu, usingizi unakatika, shinikizo la damu linaanza kupanda taratibu.

Lakini kubanwa peke yake si ubaya, na hapa ndipo huwa nawapenda mafundi umeme kuliko wanasaikolojia. Wao husema njia hii ni ya msongo wa kilovolti 33, na hawasemi kwa kusikitika. Bila msongo taa haiwaki. Kila mtu hapa mjini anajua feni inavyozunguka kizembe umeme ukipungua nguvu. Mwanafunzi asiye na msongo wowote wiki ya mtihani huwa hajasoma. Kinachoharibu vyombo ni msongo uliozidi, au ule usioshuka hata unapotakiwa kushuka. Kwa hiyo "kutoa stresi" ni usemi wa ajabu kidogo. Msongo hauko mfukoni wala tumboni uutoe. Unashushwa, kama unavyoshushwa mzigo.

Na wa kushusha mizigo tunao. Panda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako kwa miaka mingi wanawake wametembea mbali kufuata maji. Mwenye ndoo iliyojaa kichwani akifika nyumbani hasemi "nisaidie", anasema "nitue". Unashika upande mmoja, yeye upande mwingine, ndoo inashuka bila tone kumwagika. Anaweza kujitua mwenyewe, ila maji mengine yataishia kwenye kanga. Ukitaka kujua msongo hushukaje, hiyo ndiyo picha yangu: mkopo uko palepale, korosho hazijalipwa, lakini umemwambia mtu mmoja hesabu yako yote bila kuficha, akashika upande wake. Msongo umeshuka kabla deni halijashuka.

Vitu vinavyoushusha havina fahari yoyote, nadhani ndiyo maana haviwekwi kwenye mabango. Kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, dakika chache tu, hupunguza mwendo wa moyo, kwa sababu moyo hupunguza kasi kila unapotoa pumzi. Kutembea kutoka Shangani kufuata ufukwe jua likiwa limelegea. Kulala saa zilezile. Kukaa barazani kwa kahawa na bao, ambako hakuna anayekuuliza bei ya korosho mpaka kete ziishe. Kumenya ming'oko, vile viazi vya porini, na watoto, kazi ya vidole isiyotaka akili. Hapo ndipo furaha ya kila siku inapopita, mara nyingi bila hodi, na ukiwa umesimama hutaiona. Hii ndiyo starehe aliyokuwa anaitaja bibi. Kaa, usiinuke.

Bia nazo? Sijaandika haya kumhubiria mtu. Lakini kwa upande wa msongo hesabu yake haijibu vizuri: pombe inakulaza haraka kisha inaukata usingizi usiku wa manane, saa tisa unatazama dari, na sasa kuna deni jipya juu ya lile la salfa.

Lipo jambo moja ambalo sitaki lipite kwa mzaha. Siku hizi mtu akisema ana stresi, tunamwambia "twende tukale bata" na tunaona tumemaliza. Wakati mwingine alichonacho si msongo. Ni sonona, ugonjwa unaotibika, na una dalili zake: huzuni au kutopendezwa na chochote, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi na hamu ya kula kuvurugika, kujiona huna thamani, hata kufikiria kufa. Msongo hulegea kinachobana kikiondolewa. Sonona inaweza kubaki hata hela imeingia na deni limelipwa. Huyo mpeleke kituo cha afya, au hospitali, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na ukae naye kwenye benchi la kusubiri. Akitaja kujidhuru, usingoje wiki ziishe. Nenda naye leo.

Nirudi kwa kijana wa bango, maana sina ugomvi naye. Alikuwa na kitu cha kweli cha kuuza: muziki, nyama choma, vinywaji vya baridi, usiku mmoja wa kusahau ghala. Vitu hivyo vina majina yake. Ukitaka kutaja ukubwa wa matumizi, lipo neno anasa, halina aibu. Ukitaka lugha ya vijana, sema bata, kila mtu ataelewa na hakuna neno la wazee litakaloumia. Na kwa bango lake hasa lipo neno burudani, ambalo huwa nalihurumia jinsi tulivyolisahau maana. Kuburudika ni kupoa. Burudani na baridi ni ndugu wa damu, kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu wa ubaridi. Kwa joto la Mtwara la Novemba, kabla mvua hazijashika, mtu mwenye jokofu linalofanya kazi anauza burudani kwa maana ya asili kabisa.

Kwa hiyo mwenye tangazo jingine msimu huu aje tu, nitampigia atakavyo, sitamgomea mtu hela. Ila faili ikiwa bado haijafungwa, nitamnong'oneza abadilishe neno moja. Burudani imeizidi starehe kwa herufi moja tu. Kwenye A3 inaenea bila kupunguza maandishi.