Volti za jina na volti halisi katika betri ya kigunduzi cha metali

Volti za jina ni namba iliyochapishwa ubavuni mwa betri. Volti halisi ni zile inazotoa kifaa kikiwa kimewashwa. Kwa kigunduzi cha mkononi, kile ambacho walinzi hukipitisha mwilini mwa mtu getini, pengo kati ya namba hizi mbili ndilo linaloamua betri ipi inunuliwe.

Vigunduzi vingi vya aina hii hutumia betri moja ya 9V, ile ya mstatili yenye vichwa viwili juu. Ndani yake zimo seli ndogo zilizounganishwa mfululizo. Ya alkalini, yenye alama 6LR61, ina seli 6 za volti 1.5: jumla 9. Ya nikeli ya kuchaji ina seli za volti 1.2. Zikiwa 6 unapata 7.2 tu, zikiwa 7 unapata 8.4, na zote mbili huuzwa kwa jina la 9V! Kigunduzi kilichopangwa kutoa onyo kwenye volti 7 kitalalamika mapema mno kikiwekewa ile ya seli 6, ingawa chaji bado imo. Mtu hulaumu chaja bure. Kabla ya kulipa, tafuta 8.4V kwenye ganda.

Kisha angalia ujazo, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba, kinachoandikwa kwa mAh (miliampia-saa). Alkalini huwa na takriban 500, nikeli 200 hivi. Kifaa kinachokula miliampia 15 kitadumu saa 33 kwa ya kwanza na saa 13 kwa ya pili, kwa hiyo anayechagua za kuchaji anunue mbili: moja kazini, moja kwenye chaja. Lithiamu isiyochajiwa hufika 1200 na hukaa miaka mingi bila kuharibika. Ni ghali, lakini inafaa sana kuwa ya akiba. Betri za kaboni, 6F22, ziacheni. Volti zake hushuka spika inapolia au kifaa kinapotetema, na huvuja maji yanayokula vishikizo.

Za lithiamu zinazochajiwa kwa waya wa USB zinahitaji tahadhari zaidi. Nyingi zina sakiti ya kupandisha volti, na kelele yake ya umeme inaweza kufanya kigunduzi kilie pasipo metali. Pia hushikilia volti 9 mpaka mwisho, kisha hukata ghafla bila onyo. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kigunduzi kilichozimika na mtu asiye na kitu hutoa jibu moja: kimya. Kila mwanzo wa zamu, na tena katikati, pitisha kifaa juu ya funguo usikie mlio.

Ukipima betri kwa mita, ipime kifaa kikiwa kinalia. Alkalini iliyochoka huweza kuonyesha 8.5 ikiwa mezani, kisha ikaporomoka chini ya 7 mara ipewapo kazi.