Lifti ya kwenda angani na tambara la mkaguzi

Kukagua nyaya za lifti hakuhitaji mitambo ya ajabu. Unakaa kwenye chumba cha mashine juu ya jengo, mwenzako anaendesha lifti polepole, nyaya zinapita mbele yako nawe umezigusa kwa tambara la pamba. (Mbali na puli, tafadhali. Vidole havichipui.) Uzi uliokatika unanasa tambara. Unapiga kelele lifti isimame, unahesabu nyuzi zilizokatika, unapima unene kwa kalipa, unaandika, mnaendelea.

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwenye jengo moja la ghorofa 14 hapa Dar, kijana wetu wa fildi aliponiuliza: "Injinia, hivi ile lifti ya Wajapani ya kwenda angani, waya wake atakagua nani?" Nilicheka. Usiku nikakaa na kalamu, kicheko kikaisha.

Hao Wajapani ni kampuni ya ujenzi ya Obayashi, iliyotangaza mwaka 2012 mpango wa lifti itakayopanda angani kwenye waya wenye urefu wa kilomita 96,000, lengo likiwa mwaka 2050. Wazo lenyewe ni kongwe. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliliwaza mwaka 1895 kwa mfano wa mnara, na mwaka 1960 Mrusi mwenzake, Yuri Artsutanov, akaligeuza kichwa chini: usijenge kutoka ardhini, teremsha waya kutoka juu.

Huo waya utashikwa na nini huko juu? Dishi lako la televisheni halizunguki kufuata setilaiti kwa sababu setilaiti ile iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inakozunguka sawasawa na dunia. Sasa anzia hapo uteremshe waya hadi chini, na mwingine uurefushe kwenda juu. Sehemu ya chini inavutwa na dunia, ya juu inataka kuchomoka kama jiwe kwenye kombeo. Zikilingana, waya unasimama wima, umekazwa, wala haujaegemea kitu. Hapo sina ubishi, fizikia imekaa sawa.

Ubishi wangu ni wa waya. Chuma cha waya wa lifti, chenye nguvu ya megapaskali 1,770 (kipimo cha mvuto ambao kinastahimili kabla ya kukatika), ukikining'iniza bila mzigo wowote kitakatika kwa uzito wake mwenyewe kikifika kama kilomita 23. Utasema basi tuunenepeshe kuelekea juu, pale unapobeba zaidi. Sawa, lakini unene ulioongeza nao una uzito, na uzito huo unadai unene mwingine juu yake, na ule mwingine unadai wake. Ni deni linalozaa riba juu ya riba. Kwa chuma, unene wa juu (yaani eneo la mkato wa waya) ukiugawa kwa wa chini unapata nambari ya tarakimu zaidi ya 90. Hata atomu zinazokadiriwa kuwamo katika ulimwengu wote unaoonekana hazifiki hapo. Kwa Kevlar, uzi wa fulana za kuzuia risasi, ni kama mara milioni 260.

Ndiyo maana watu wote wanazitazama nanotyubu za kaboni, vimirija vyembamba mno vya kaboni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walipata vifungu vyake vyenye nguvu ya zaidi ya gigapaskali 80, yaani megapaskali 80,000. Kwa wepesi wa kaboni, uwiano wa unene unashuka hadi kama mara 2.6 tu. Hapo mashabiki wanapiga makofi. Vifungu hivyo vilikuwa vya urefu wa sentimita, lakini tuseme urefu ni suala la muda.

Mimi nakwama kwingine. Lifti ya abiria inayoning'inia kwa nyaya tatu au zaidi, kanuni za Ulaya zinataka nyaya ziwe na nguvu mara 12 ya mzigo. Hatufanyi hivyo kwa anasa. Nyuzi zinakatika, zinapata kutu, zinasagika kwenye puli, na mkaguzi naye ni binadamu. Kwenye jengo, mara 12 maana yake ni chuma kingi zaidi, unalipa, yameisha. Kwenye waya wa angani akiba hiyo inaingia ndani ya ile riba. Nilipoweka mara 2, uwiano wa 2.6 ukawa karibu 7. Nilipoweka 5, ukapita 120. Nilipoweka 12 yangu, ukafika zaidi ya 110,000. Kwa hiyo kila mchoro unaovutia wa lifti ya angani umechorwa na mtu aliyekubali akiba ndogo mno, ambayo mimi nisingeisainia hata kwa lifti ya mizigo.

Na huo waya utachakaa. Kilomita mia chache juu kuna atomu pekepeke za oksijeni zinazoila kaboni kama kutu. Karibu kila setilaiti ya chini inayozunguka dunia huvuka usawa wa ikweta, na waya umesimama palepale, kwa hiyo kugongwa ni suala la muda tu. Takataka za angani nazo zimo. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi.

Kuna wanaoniambia tuufunge waya juu ya Kilimanjaro. Mlima wa mita 5,895 unapunguza safari kwa chini ya asilimia 0.02, tena uko digrii tatu kusini ya ikweta. Bara letu la ikweta lina radi za kutisha, hasa mashariki mwa Congo. Afadhali jukwaa la baharini, linaloweza kusogezwa waya ukwepe hatari. Majukwaa kama hayo hayakosi historia kwetu: Desemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, nje kidogo ya pwani ya Malindi.

Turudi kwa swali la kijana. Kwa mwendo ninaokagulia, sentimita 30 kwa sekunde, kilomita 96,000 zinachukua miaka 10 na ushei, mchana na usiku, bila chai. Nikifika mwisho, ripoti ya kilomita ya kwanza haina maana tena.

Mwezini ndiko ningeanzia. Mvutano wa kule ni moja ya sita ya wetu, hakuna hewa, na hesabu zinaonyesha kwamba nyuzi za jamii ya Kevlar, zinazouzwa leo, zinatosha. Nilimweleza kijana hayo asubuhi yake. Akaandika, akafikiri, akauliza: "Sasa huko abiria nani?"